Neno kwa Familia: Yakobo Hakumtafuta Yusufu

Somo: Mwanzo 37:12-35, Mwanzo 42:21-36, Luka 2:41-51



Nawasalimu ninyi nyote mnaosoma jarida letu, ninyi mlio hapa Kampala, Katwe, Nsambya, Makindye na Masajja, na ninyi mlio kambini Nakivale, Kyangwali, Kyaka na Rwamwanja. Salamu za pekee kwa jamaa zilizofika baada ya Goma kuchukuliwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Poleni sana na safari. Sisi tuliotangulia tunajua ilivyo kufika mahali pa usalama, kuhesabu watoto, na hesabu isitimie.

Mwezi huu nataka tuongee jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi. Ni habari ya mume na mke ambao mtoto wao amepotea. Sisemi amekufa. Nasema amepotea.

Tukifiwa, kuna matanga. Watu wanakuja, wanalala chini pamoja nasi, wanaimba, wanachanga kidogo walicho nacho, na siku inafika matanga yanavunjwa. Uchungu haujaisha, lakini moyo umeonyeshwa pa kuanzia. Mtoto aliyepotea njiani hana kaburi wala matanga. Mama akinunua viatu vya mdogo mtu, anawaza miguu ya yule mwingine sasa imefikia kipimo gani. Baba akisikia jina la mtoto likiitwa sokoni Owino, anageuka. Mmoja anataka kuongea habari za mtoto kila siku, mwingine anafunga mdomo. Basi mke anasema, "Mume wangu hana uchungu." Mume anasema, "Mke wangu anachimbua kidonda." Miaka inapita, wanalala kitanda kimoja, kila mtu na kilio chake.

Na mara nyingi, ndugu zangu, katikati yao kuna kitu kimefichwa.

NYUMBA YA YAKOBO

Tufungue Mwanzo 37. Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17. Baba yake alimtuma akawaangalie ndugu zake malishoni. Tunajua walivyomtenda: walimvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakamuuza kwa wafanyabiashara waliokuwa wakishuka Misri, kwa vipande 20 vya fedha. Wakachinja mbuzi, wakachovya ile kanzu katika damu, wakaipeleka kwa baba yao.

Angalieni vizuri jinsi walivyofanya. Hawakusema, "Yusufu amekufa." Walileta nguo tu na kumwuliza mzee kama anaitambua. Mzee mwenyewe akasema mnyama mkali amemla. Wao wakanyamaza. Ndiyo maana nasema, uongo hauhitaji maneno mengi. Inatosha kumwacha mwenzako aamini kile unachojua si kweli.

Kisha Biblia inasema wana wake wote na binti zake walikuja kumfariji, naye akakataa kufarijiwa. Mmeona? Waliomshika mkono kumfariji walikuwemo wale wale waliojua yote. Faraja kama hiyo haiingii moyoni. Labda mzee hakujua ni kwa nini, lakini haikuingia.

Sasa hesabuni pamoja nami. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46). Ikapita miaka 7 ya shibe na miaka 2 ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake (Mwanzo 45:6). Jumla ni miaka 22. Katika miaka hiyo yote hatusomi popote kwamba Yakobo alituma hata mtumishi mmoja kumtafuta Yusufu. Je, hakumpenda? Alimpenda kuliko wengine wote. Je, Misri ilikuwa mbali mno? Hapana, maana njaa ilipokuja, ndugu wale wale walikwenda na kurudi na punda wao, wamebeba nafaka. Njia ilikuwepo na punda walikuwepo.

Yakobo hakumtafuta mwanawe kwa sababu alifichwa ukweli. Mtu hatafuti aliyekufa.

Hili ndilo neno ninalotaka mlishike mwezi huu. Siri juu ya mtoto aliyepotea inaumiza ndoa, na tena inazuia mtoto kutafutwa.

MUME NA MKE WA USHIRIKA WETU

Kuna mume na mke katika ushirika wetu hapa Kampala. Wameniruhusu niandike habari zao bila majina. Walisema, "Mchungaji, labda kuna nyumba nyingine inayokaa kama tulivyokaa sisi."

Wao ni watu wa Jomba, upande wa Rutshuru. Wiki ile Bunagana ilipochukuliwa, Julai 2012, mama alikuwa ametangulia sokoni Bunagana na maharage. Risasi zilipoanza, alivuka mpaka pamoja na umati. Baba alikuwa nyumbani na watoto wawili, binti wa miaka miwili na mvulana wa miaka sita. Walikutana siku ya tatu katika kituo cha Nyakabande, Kisoro. Baba alikuwa na binti mgongoni, na mkononi gunia lenye kichwa cha cherehani. Mvulana hakuwepo. Baba alisema, "Umati ulitutenganisha pale mpakani." Mama alilia. Hakuuliza zaidi.

Mtoto akaandikwa kwamba alipotea mpakani Bunagana. Wakapelekwa Rwamwanja, wakapewa kiwanja, wakalima mahindi misimu miwili, kisha wakaja Kampala kutafuta maisha. Baba anashona, mama anatembeza vitenge. Cherehani ile ile ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Mungu akawapa mtoto mwingine. Ukiwatazama Jumapili wamekaa benchi moja, ungesema hii ni ndoa iliyobarikiwa. Lakini nyumbani jina la mvulana halikutajwa. Na kila baba alipowasha taa ashone usiku, mama alitoka nje, akakaa kizingitini mpaka amalize.

Mimi mwenyewe niliwatembelea zaidi ya mara moja. Niliwaambia waache ya nyuma, wamshukuru Mungu kwa hawa wawili walio hai. Nilidhani nawafariji. Leo naungama mbele yenu kwamba nilisaidia kufunika.

Mwaka jana waliitwa kwenye mahojiano ya faili yao. Aliulizwa mume peke yake, akaulizwa mke peke yake. Mume alisema mtoto amepotea. Mke alisema mtoto amekufa. Kwa miaka mingi watu wa kwenye foleni walikuwa wamemwambia kwamba faili yenye mtoto aliyepotea haitembei. Basi akasema amekufa, ili hawa waliobaki wapate kusoma mahali penye amani. Aliyekuwa akiwahoji akawarudisha wote wawili, akawauliza lipi ni la kweli.

Baba alitoka pale amewaka hasira. Alimwambia mkewe, "Mama Watoto, umemzika mwanangu kwa mdomo wako." Akahama nyumbani, akalala kibandani pa kushonea wiki mbili. Wazee wa kanisa wakaniita. Tulikaa kanisani siku ya Jumatatu, wakati hakuna mtu, wao wawili, mimi, na mama mmoja mzee wa ushirika.

Mke alianza. Alisema, "Baba Watoto, nimekosa. Nilisema uongo, na tangu siku ile naota ananiita. Sina neno la kujitetea. Lakini na wewe nijibu kitu kimoja. Umati ulioweza kukunyang'anya mtoto, uliwezaje kukuachia cherehani?"

Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yote. Hawakutenganishwa mpakani. Walikuwa wametembea kama nusu saa tu kutoka nyumbani. Mvulana alichoka. Baba akawaza kwamba huko waendako hawatakuwa na shamba wala ng'ombe, na mashine ndiyo itakayowalisha. Akamkalisha mvulana chini ya mikaratusi kando ya barabara, akamwambia asiondoke, akarudi mbio na binti mgongoni kuichukua. Aliporudi pale, watu wengi walikuwa wamepita. Mtoto hakuwepo. Alimwita mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo aliogopa jambo moja, mke wake aje aseme kwamba kati ya mtoto na chuma yeye alichagua chuma.

Mama alisema, "Nilijua. Pale Nyakabande nilipoona lile gunia, nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Zaidi ya miaka kumi na miwili alingoja.

Ndugu zangu, hawa si watu wabaya. Hakuna hata mmoja aliyemchukia mtoto. Baba alirudi kwa ajili ya chakula chao. Mama alidanganya kwa ajili ya shule ya wadogo. Lakini angalieni matunda yake. Miaka hiyo yote mtoto aliandikwa kuwa alipotea Bunagana mpakani, mahali ambapo hakufika pamoja na baba yake. Zile nyumba za karibu na mikaratusi hakuna aliyeelekezwa kwenda kuuliza. Na neno la mama lilibaki kidogo tu liufunge mlango kabisa. Walikuwa na Msalaba Mwekundu, walikuwa na simu, walikuwa na jamaa waliobaki Jomba. Njia ilikuwepo, kama kwa Yakobo. Ukweli ndio haukuwepo.

YUSUFU NA MARIAMU NJIANI

Biblia inatupa mume na mke wengine waliopotelewa na mtoto. Katika Luka 2, Yusufu na Mariamu walitoka Yerusalemu wakatembea siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, pamoja na jamaa. Sisi tuliotembea kwa misafara tunaelewa. Baba anadhani yuko na mama, mama anadhani yuko na mjomba. Jioni, hayupo.

Mngetazamia kusikia ugomvi hapo. Nani alipaswa kumwangalia? Biblia haituandikii ugomvi. Inatuambia walirudi Yerusalemu wakimtafuta, na walimwona baada ya siku tatu. Na Mariamu alipoongea na mtoto hekaluni, alimtaja baba kwanza, kisha akajitaja yeye, na ile huzuni akaiweka juu ya wote wawili. Hakusema, "Baba yako alikusahau." Walirudi njia ile ile waliyopitia, pamoja.

Ndivyo walivyofanya hata hawa wawili wa kwetu. Walirudi kwa maneno mpaka chini ya mikaratusi. Ile siku ya Jumatatu walilia pamoja mara ya kwanza tangu 2012.

TUFANYE NINI?

1. Mwambie Mungu, kisha mwambie mwenzako, kabla karatasi haijasema. Yakobo 5:16 inatufundisha kuungamiana na kuombeana. Chagua saa na mahali. Chumba chetu cha kupanga kina pazia tu, na watoto wanasikia. Tokeni mkatembee, au njooni kanisani. Ikiwa nyumbani kwenu kuna kupigana, usiseme peke yako, nenda na mzee wa kanisa au mama unayemwamini. Na wewe mume unayenyanyua mkono, ujue unaifunga midomo ambayo huenda inajua mahali mtoto alipo.

2. Tenganisha dhambi na kidonda. Dada aliyetendewa jeuri njiani hana dhambi ya kuungama, na kaka aliyetendewa vivyo hivyo pia hana. Aliyetenda ndiye mwenye dhambi. Mtu asitumie mahubiri haya kumlazimisha mke wake asimulie yaliyompata msituni. Atasema siku atakayoweza, kwa yule atakayemchagua. Siri ninayoisema hapa ni ile inayomfanya mwenzako aamini uongo juu ya mtoto wake.

3. Ukiambiwa ukweli, usiufanye fimbo. Ndugu zake Yusufu, baada ya miaka zaidi ya ishirini, bado walikumbuka jinsi alivyowasihi kutoka shimoni (Mwanzo 42:21). Aliyeficha amekwisha kuchapwa na siri yake muda mrefu. Una haki ya kulia, una haki ya kukasirika. Lakini ukimrudishia neno lile kila chumvi ikizidi kwenye mboga, atajuta kwamba alisema, na wengine watajifunza kunyamaza.

4. Sahihisha maandishi. Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliotengana hawatozi pesa. Wanahitaji majina kamili ya mtoto, majina ya baba na mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa, mahali hasa alipoonekana mara ya mwisho, siku gani, na alikuwa na nani. Kosa la kilomita chache linaweza kuwa kosa la miaka. Na kama kuna uongo katika faili, nenda ukauseme mwenyewe. Sitawadanganya: huenda ikachelewesha mambo yenu, na mtafute kwanza ushauri wa watu wanaojua sheria za wakimbizi. Lakini mtoto aliyeandikwa kuwa amekufa, siku akipatikana utamwitaje aje kwenu?

5. Msinunue habari za mtoto. Hapa mjini kuna wanaojiita manabii ambao kwa bahasha ya pesa watakuambia mtoto yuko kwenye maji, au yuko kwa jirani, au mama mkwe ndiye aliyemfunga. Kodi ya nyumba imeliwa hivyo, na ndoa zimevunjika hivyo. Maombi hayauzwi.

TUSIKATE TAMAA

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma mamia ya maelfu kwa siku chache, na maelfu ya watoto walitengana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno, hawakujua hata jina la kijiji. Walioshughulika nao waliandika kile kidogo ambacho mtoto alikumbuka, wakapiga picha, wakazionyesha picha hizo kwa watu. Watoto wengi walirudi kwa jamaa zao, wengine baada ya miaka. Walipatikana kwa sababu mtu fulani mahali fulani alisema kweli kidogo aliyokuwa nayo: wimbo wa nyumbani, kovu, jina la mbwa.

Mtaniuliza, je, mvulana wa Jomba amepatikana? Bado. Baba na mama walikwenda pamoja, mimi nikiwasindikiza, wakasahihisha mahali na siku. Mama alirekebisha neno lake kwenye faili, na faili sasa inangoja. Jamaa waliobaki Jomba wamepewa habari ya ile mikaratusi. Kama yu hai, sasa ni kijana wa karibu miaka ishirini. Siwezi kuwaahidi kwamba atarudi, na yeyote anayewaahidi hivyo kwa jina la Bwana ajihadhari. Yakobo alimwona Yusufu tena. Wako wazazi waaminifu ambao watamwona mtoto wao mbinguni tu. Mungu wetu ni Mungu wa wote wawili.

Lakini naweza kuwaambia nilichokiona. Siku ile baba alitaka kuuza cherehani, asiione tena. Mama akakataa. Alisema, "Kaa ushone, watoto wanakula. Ila kuanzia leo tutataja jina lake." Jioni nilipopita kwao wiki iliyofuata, baba alikuwa anashona sare za shule. Mama alikuwa ndani, amekaa karibu na taa, anamkatia nyuzi. Na walipoomba kabla ya kulala, hata yule mdogo aliyezaliwa Kampala alimtaja kaka yake ambaye hajawahi kumwona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, kuna jina katika nyumba yetu ambalo hatulitaji? Kwa nini?
2. Je, mwenzangu anaamini jambo fulani kwa sababu mimi nilinyamaza?
3. Maandishi ya mtoto wetu, au ya ndugu yetu aliyepotea, ni sahihi? Tulipeleka lini habari mara ya mwisho?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, wewe ulimwona Yusufu shimoni wakati baba yake hakumwona. Unawaona watoto wetu leo, walio msituni, walio kwa watu wema, walio kwa watu wabaya, na waliokwisha kufika kwako. Uwalinde. Tusamehe sisi wazazi tuliokimbia na tulioacha, na tuliosema uongo kwa hofu. Fungua midomo yetu kwa upole. Uwape mume na mke nguvu ya kurudi njia moja, pamoja, mpaka mahali tulipompoteza. Kwa jina la Yesu, aliyetafutwa na wazazi wake siku tatu. Amina.

Ndugu yenu katika huduma na katika ukimbizi,
Mchungaji, Kampala